Mzee Mmoja, Watoto Milioni Tisa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani, na wewe ukiiona mahali, tafadhali nyamaza, maana bado nina mama kule, na nina kazi pia. Kazi yangu ni karani. Nimekaa miaka thelathini na moja katika Wizara ya Lugha, Rika na Heshima, na katika muda wote huo sijalaumu jambo lolote. Wenzangu wawili waliolaumu walipandishwa vyeo, wakapelekwa kulinda mnara wa taa za meli katika wilaya isiyo na bahari.

Mambo yalianza na mtihani wa darasa la nne. Swali la saba liliuliza hivi: Taja kinyume cha neno mtoto. Lilikuwa swali la alama moja tu. Wanafunzi waliandika kila mtu lake: mkubwa, mtu mzima, mzazi, mzee, na msichana mmoja wa Kwamkocho akaandika "anayeruhusiwa kula firigisi". Wasahihishaji wakashindwa kupatana. Wakarushiana madaftari, mmoja akachomwa na kalamu nyekundu, suala likapanda kwa mkaguzi, kwa mkaguzi likapanda wizarani, na wizarani likatua mezani kwa Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Pazi Kilungule, ambaye tangu nimjue hajawahi kuliacha jambo dogo libaki dogo.

Waziri akaunda tume ya watu kumi na wanane. Tume ilikaa mwaka mmoja na nusu katika hoteli iliyo mbali na makelele ya wananchi, ikaita mashahidi, ikaenda nchi za nje kuangalia watoto na wazee wa huko wanavyofanana na wetu, na mwisho ikaleta ripoti ya kurasa mia sita na kumi na mbili. Nilizigonga muhuri zote mwenyewe. Jibu lilikuwa ukurasa wa mwisho: kinyume cha mtoto ni mzee.

Mtu wa kawaida angempa alama yake yule aliyepatia, akaendelea na maisha. Lakini Waziri alikuwa ameona mbali zaidi. Alisimama katika uwanja wa taifa, redio zote zikiwa wazi, akasema:

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu taifa letu limeteswa na maneno ya katikati. Kijana! Mtu mzima! Mtu wa makamo! Nawauliza, makamo ya wapi na wapi? Nani alipima? Kitu hakiwezi kuwa chenyewe na kuwa kinyume chake. Kwa hiyo kila raia wa nchi hii ama ni mtoto ama ni mzee, na kuanzia leo saa sita mchana, hakuna tena kijana katika nchi hii!"

Vijana waliojaa uwanjani walishangilia sana, kisha wakaangaliana. Mwenyekiti wa Umoja wa Vijana, aliyekuwa na miaka sitini na mitatu, alilia kwa kwikwi na kusema hakutegemea kukatishwa ndoto zake mapema namna hiyo.

*

Likabaki swali la nani ni mzee. Hapo nilimhurumia Waziri, maana ilikuwa kazi ngumu. Mkuu wa nchi yetu alikuwa akiitwa Mzee tangu zamani. Ingekuwaje basi neno hilohilo alivae yeye na alivae mlinzi wa geti la godauni? Likapitishwa azimio kwamba neno hilo haligawanyiki. Mzee angekuwa mmoja. Raia wengine wote, milioni tisa na ushei, wakaandikishwa kuwa watoto.

Msidhani serikali ilifunga mlango. La hasha. Aliyejiona amestahili aliruhusiwa kuja dirishani kwangu kuomba Cheti cha Uzee. Masharti yalikuwa mepesi: alete shahidi aliyemwona akizaliwa, na shahidi huyo naye awe na Cheti cha Uzee. Aliyekuwa na cheti ni Mzee peke yake, na Mzee hakuwa amehudhuria uzazi wa mtu yeyote. Hapakuwa na upendeleo hata kidogo. Kila aliyeomba alinyimwa.

Maneno mengine ya uzee yalikusanywa ili yasizagae. Babu, bibi, ajuza, shaibu, kikongwe, yote yaliandikwa kwenye kadi, kadi zikafungiwa katika kabati la chuma lililo nyuma ya kiti changu, na ufunguo nikapewa mimi. Nilijivuna. Si kila karani anakalia bibi na babu za taifa zima.

Na kwa kuwa kitu hakiwezi kuwa kinyume chake, Waziri aligundua pia kwamba Mzee hajawahi kuwa mtoto. Kitabu cha maisha yake kinachosomwa mashuleni kikakatwa sura tatu za mwanzo. Sasa kinaanzia siku aliyoapishwa, akiwa na miaka arobaini na tisa na suti. Picha moja ya zamani, inayoonyesha mwanamke amebeba mtoto mgongoni, iliondolewa ukutani kwenye makumbusho, na pale ikatundikwa picha ya daraja.

Faida zilionekana haraka. Uchaguzi ulipofika, kwa vile watoto hawapigi kura, mpiga kura alikuwa mmoja. Alikaa kwenye kibanda dakika kumi na moja akitafakari wagombea, naye mgombea alikuwa yeye. Matokeo yalitangazwa kabla chai haijapoa, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu hakuna aliyelalamika kuwa kura zimeibwa. Wabunge walipewa uji saa nne na walivaa kaptura. Waziri wetu alishonewa ya kitambaa cha suti, yenye mstari wa pasi uliosimama kama uzi. Ndoa zote zilisajiliwa upya kama mchezo wa baba na mama. Na kila mwezi ungewaona makanali wastaafu wamepanga foleni kliniki, kadi mkononi, wakisubiri kuning'inizwa kwenye mzani.

Jambo lililosumbua lilikuwa salamu. Kule kwetu mdogo humwamkia mkubwa shikamoo, na mkubwa huitikia marahaba. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tulivyolelewa. Sasa wote ni watoto, nani amwamkie nani? Kifungu cha nne cha sheria kikalinyoosha: atoaye shikamoo ni mtoto, aitikiaye marahaba ni mzee, na ushahidi wa midomo yao unatosha. Kwa hiyo shikamoo zote zikawa mali ya Mzee. Kila siku saa mbili asubuhi tulisimama tulipo, tukageukia ikulu, tukaamkia, na redioni ikasikika marahaba moja ya taifa zima, iliyorekodiwa miaka sita nyuma siku Mzee alipokuwa na mafua. Sisi kwa sisi tukaamriwa kusalimiana "mambo" na kujibu "poa".

*

Hapo ndipo nilipogombana na mama yangu.

Mama yangu ni Bi Mwamvita binti Kirobo. Ana miaka themanini na minne, ni mwembamba, ana maneno, na wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa na la kulia lilikuwa linaona ukungu tu. Mimi ni mwanawe wa pekee aliyebaki hai. Siku ya kwanza ya sheria nilitoka kazini nikamkuta uani anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho hawezi. Nikakaza moyo, nikasema:

"Mambo, Mama."

Akaendelea kuchambua.

"Mama, nimesema mambo."

"Nimesikia. Nilidhani unasema na paka."

"Ni sheria, Mama. Mimi na wewe sasa ni watoto wa nyumba moja."

"Nani mtoto mwenzio, Shomari?" Aliweka ungo chini. "Na wewe aliyekuzaa nani?"

"Hilo bado liko kwenye kamati."

Kuanzia siku ile hakuniitikia salamu. Tuliongea, alinipakulia chakula, aliniuliza kama shati langu limekauka, lakini nikiingia na "mambo" yangu alinyamaza mpaka nikaanza jambo lingine. Miezi saba. Sikujua kumbe mtu anaweza kuikosa marahaba namna anavyokosa chumvi. Mara nyingine nilitaka kuisema shikamoo kwa sauti ya chini, ikafika hapa kooni, nikakumbuka kabati na ufunguo, nikaimeza. Nilikuwa mwoga. Sioni haja ya kutafuta neno zuri zaidi.

*

Mwezi wa nane ikaja kambi ya macho. Madaktari wanne walifika katika hospitali yetu ya wilaya kwa siku kumi, na wakitoka hapo hawarudi mpaka baada ya miaka minne. Nilimpeleka Mama siku ya kwanza. Aliyempima alikuwa Daktari Namsifu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, ambaye wizara ilimruhusu kupasua kwa kibali cha Mtoto Mwenye Ujuzi. Alimulika jicho muda mrefu.

"Bibi," alisema, kisha akaangalia mlangoni na kujirekebisha, "yaani, mtoto. La kushoto hatuliwezi tena. La kulia nikilifanya wiki hii, utaona. Ukingoja miaka minne, sikuahidi kitu."

"Lifanye hata sasa hivi," alisema Mama.

"Ninataka sana. Lakini fomu ya ridhaa inasema mgonjwa akiwa mtoto asainiwe na mzee wake."

Mama alicheka, akidhani ni utani. Aliposikia anacheka peke yake, akaacha.

"Baba yangu alikufa mwaka wa nzige," alisema. "Nimfukue aje asaini?"

Pale benchini walikuwa wamekaa wengine kumi na mmoja, mdogo wao ana miaka sabini, wote wamezibwa macho na kitu kilekile, wote wamekosa mzazi. Ikapita siku ya pili, ya tatu, ya nne. Madaktari walikaa wakacheza karata. Wizara ilitoa taarifa ya kusifu kambi, ikasema tangu ianze hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata madhara ya upasuaji.

Siku ya tano Mama akaja dirishani kwangu. Hakuniambia nyumbani. Alishikwa mkono na jirani, akapanga foleni saa nne nzima katikati ya watu wanaoomba Cheti cha Uzee, na zamu yake ilipofika akaweka viganja vyake juu ya kaunta. Nyuma yangu alikuwa amesimama mkaguzi wa wizara. Nikafuata utaratibu.

"Jina?"

"Hulijui?"

"Jina, tafadhali."

"Mwamvita binti Kirobo."

"Shahidi aliyekuona ukizaliwa?"

"Wamekufa wote. Mtu wa miaka themanini na minne unataka mkunga wake atoke wapi?"

"Una uhusiano wowote na karani anayekuhudumia?"

"Andika nimemzaa."

"Kisanduku hicho hakipo, Mama. Kuna rafiki, jirani, na mwenzake wa kucheza."

"Basi andika unachotaka."

Nikaandika jirani. Kisha nikachukua muhuri wa IMEKATALIWA nikaugonga kwenye fomu ya mama yangu, bila kuitazama, wino ukapaka herufi mbili. Mkaguzi akasema muhuri haukukaa sawa, nirudie. Nikarudia. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikikumbuka nahisi joto masikioni. Mama alinyoosha mkono. Alipapasa kaunta, akaipata ile karatasi, akaikunja vizuri mara nne kama anavyokunja leso, akaenda nayo.

*

Siku ya tisa ndipo Mzee alipokuja kuifungua kambi. Iligundulika kwamba kambi ilikuwa ifungwe kesho yake na haijafunguliwa bado, na kitu ambacho hakijafunguliwa hakiwezi kufungwa. Asubuhi na mapema ukuta wa hospitali ukapakwa chokaa upande unaoonekana. Utepe ukafungwa mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka, mgonjwa wala muuguzi.

Wale wagonjwa kumi na wawili walipangwa mstari kando ya njia kama watoto wa kupokea wageni. Walivalishwa kofia za karatasi, wakapewa bendera ndogondogo na pipi moja moja. Mzee mwenye, samahani, mtoto mwenye ndevu nyeupe aliyesimama wa kwanza aliuliza kama pipi hizo zina karanga, maana hana meno. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na daftari, kuweka alama kila shikamoo ikitolewa. Marahaba hazikuhitajika, kwa kuwa ya siku hiyo ilikwisha tolewa saa mbili redioni.

Mzee akashuka garini. Ana miaka sabini na tisa na anatembea polepole. Mbele yake alikwenda mtangazaji wa redio akiwa ameshika kipaza sauti, nyuma yake Waziri Kilungule katika kaptura yake.

"Shikamoo Mzee." Nikaweka alama. "Shikamoo Mzee." Nikaweka alama. Mzee akawa anatikisa kichwa na kupita. Akafika kwa mama yangu, akasimama, akangoja.

Shikamoo haikuja.

Mama aliinamisha sikio upande, namna anavyofanya mtu akiingia uani bila hodi. Bendera ilikuwa imemlalia begani. Kalamu yangu ilikuwa imesimama hewani, na roho yangu pia.

"Nani huyu ananizibia jua?" aliuliza Mama.

Waziri akaangalia kipaza sauti. Redio zilikuwa zinarusha moja kwa moja nchi nzima.

"Nasikia mtu anahema. Umesimama mbele ya mtu na huna salamu. Mtoto wa nani wewe?"

Waziri alifungua kinywa, kikabaki wazi. Walinzi wakaniangalia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa na daftari. Nikafikiri ule mnara wa taa sasa utapata walinzi wawili zaidi, mmoja kipofu. Halafu nikasikia sauti nisiyoijua, sauti nyembamba, isiyo ile ya redioni.

"Mtoto wa Bi Havijawa," ilisema.

Alikuwa Mzee.

"Havijawa yupi? Wako wengi."

"Wa Mashimoni. Aliyekuwa anauza vitumbua pale kisimani."

"Havijawa mwenye pengo?"

"Huyohuyo."

"Alaa!" Mama alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata uso wa mkuu wa nchi, akamshika kidevu. "Si ndiye wewe uliyekuwa ukikimbia kunyolewa, tukakushika mimi na dada zangu, ukatung'ata? Leo ndiyo unapita mbele yangu kama hunijui?"

"Shikamoo, mama," alisema Mzee.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Alishatutoka, mama. Zamani."

"Oo, pole. Pole sana, baba. Sikupata habari."

Sasa fikirini. Tangu zile sura tatu zikatwe, mtu huyu hakuwa na mama, na asiye na mama hapewi pole ya kufiwa naye. Hakuna waziri, balozi wala jenerali aliyewahi kumwambia. Mzee alisimama pale, kidevu chake kiko mkononi mwa mama yangu, akalia mbele ya kipaza sauti, na nchi nzima ikamsikiliza. Nilitazama chini kwenye daftari. Sikujua alama ile niiweke upande gani.

*

Waziri aliita kikao cha dharura nyuma ya gari la wagonjwa. Mimi niliitwa niandike mambo yaliyojadiliwa.

"Kifungu cha nne," alisema mwanasheria wa wizara, jasho linamtoka. "Atoaye shikamoo ni mtoto. Aitikiaye marahaba ni mzee. Ushahidi wa midomo unatosha, na huu umetoka redioni."

"Unataka kusema nini?" aliuliza Waziri.

"Nataka kusema, Mheshimiwa, kwa sasa mkuu wa nchi ni mtoto, na Mzee wa nchi hii ni yule pale mwenye kofia ya karatasi."

Waziri alifikiri. "Sheria haiwezi kuwa imekosea. Ni nchi iliyokosea. Tuandike amri ya kurudisha mambo."

"Amri haiwi amri mpaka isainiwe na Mzee."

"Basi tumpelekee Mzee asaini."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema mwanasheria. "Yule pale."

Amri ikaandikwa juu ya boneti. Waziri akaivuta kaptura chini kidogo, akaenda kwa mama yangu na karatasi na kalamu ya dhahabu, akapiga goti moja, akaeleza kwa maneno ya heshima ambayo nilikuwa nimeyafungia kabatini. Alimwita bibi mara tatu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akimung'unya pipi.

"Nimekuelewa, baba," alisema. "Ila mimi sisaini kitu nisichokiona. Marehemu mume wangu alinikataza. Nitoeni kwanza ukungu wa hili jicho."

"Lakini bibi, fomu ya ridhaa inahitaji sahihi ya mzee..." Waziri akanyamaza katikati ya maneno. Hata yeye alisikia.

Daktari Namsifu alikuwa amekwisha kuja na fomu. Nadhani alikuwa anazo mfukoni tangu siku ya kwanza. Mama alichovya dole gumba kwenye kidau changu cha wino, akaweka alama kwenye fomu yake. Kisha akauliza: "Na hawa wenzangu je?" Akaletewa za wale kumi na mmoja, akaweka dole gumba moja baada ya jingine, akiuliza jina la kila mmoja na kumwambia kwamba kuanzia sasa yeye ni mlezi wake na asilete utundu mezani. Yule wa ndevu nyeupe alisema amepata mama akiwa na miaka tisini, na hana neno la kusema.

Utepe ulikuwa bado umefungwa. Daktari aliukata kwa mkasi wake wa kazi, akapita, na madaktari wengine wakatupa karata.

Mkuu wa nchi hakungoja. Nasikia alimwambia dereva ampeleke Mashimoni, na alipoulizwa na walinzi anakwenda kwa idhini ya nani, akajibu kwamba ameruhusiwa kucheza.

*

Bendeji ilitolewa kesho yake asubuhi. Tulikuwa wanne kando ya kitanda: Daktari Namsifu, Waziri mwenye amri yake, mwanasheria mwenye kitabu chake, na mimi. Saa mbili ilipofika redio ya wodini ilicheza marahaba ya taifa, ile ya mafua, na hakuna aliyesimama, kwa sababu hakuna aliyejua sasa ni ya nani.

Daktari aliiondoa pamba taratibu. Mama alipepesa jicho, likatoa chozi, akalifuta kwa kiganja. Aliangalia dari. Akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Waziri akasogea na karatasi, lakini Mama akampita kama mtu anavyopita mlango usio wake, jicho likaja likatua usoni kwangu. Alikuwa hajaniona vizuri kwa miaka sita.

"Shomari?"

"Naam, Mama."

"Sogea."

Nikasogea. Alinitazama mvi, akanitazama makunyanzi ya shingo, akanigusa hapa chini ya macho.

"Mbona umezeeka hivyo, mwanangu?"

Mwanasheria akafungua kitabu haraka. Akatafuta, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Mzee wa nchi alikuwa amemtamka mtu mmoja kuwa amezeeka na kuwa mwanawe, kwa pumzi moja, mbele ya mashahidi. Akakifunga kitabu polepole na kukiweka dirishani.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, nikausikia ukinigusa paja. Nikapiga magoti kando ya kitanda, na ile salamu niliyoimeza miezi saba ikatoka yenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Sitawaficha, nililia. Nina miaka hamsini na minane, nililia mpaka shuka likalowa, na Mama akanipapasa kichwa mahali ambapo nywele zimekwisha.

Waziri alikohoa. Akasema hataki kuingilia, lakini taifa linangoja, kalamu hii hapa, ni sahihi moja tu, bibi atasaini lini?

"Nikishiba kumtazama mwanangu," alisema Mama.

Waziri akavuta kiti akakaa. Mpaka ninapoandika haya bado amekaa pale, na Mama bado hajashiba.